Pishi ya kila siku

Mwezi wa tano mwaka 2018, mvua za masika zikiwa hazijakatika hapa Korogwe, mume wangu aliamka alfajiri akashindwa kufunga kifungo cha shati. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka 31. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitembea juu ya kitambaa kama unaijua njia, hata pale anapoongea na mteja na macho yake yako kwingine. Asubuhi ile ulining'inia tu ubavuni. Nilidhani ameulalia. Nikamwuliza, "Baba, vipi?" Akafungua mdomo anijibu, ikatoka sauti ambayo haikuwa neno.

Kilikuwa kiharusi. Daktari alitueleza kwamba damu ilizuiliwa upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndiko maneno yanakokaa, kwa hiyo vyote viliondoka kwa pamoja. Tangu Pasaka alikuwa ameacha vidonge vya presha kwa sababu alijisikia mzima. Kama na wewe una vidonge hivyo nyumbani na umeviacha kwa sababu hiyohiyo, nakuomba kabla hujaendelea kusoma, inuka ukavitafute.

Watu huniuliza tumeipitaje miaka hii. Jibu langu ni dogo na naona huwa haliwatoshi: tulisoma Zaburi, asubuhi na jioni, kwa tarehe. Leo nataka kulieleza kwa kirefu.

Wiki zile za kwanza nilisoma Biblia kama mtu anayepekua kabati la dawa. Mimi nauza nafaka sokoni Manundu, na nina kaunta buku la mahesabu. Kurasa zake za nyuma nikazigeuza kuwa za mistari: ya uponyaji huku, ya ushindi kule. Naamka saa tisa usiku, naweka mkono juu ya mguu wake ulio baridi, natamka, "Na kwa kupigwa kwake sisi tumepona," mara saba, kisha nasubiri. Siyadharau maombi yale. Nililia kwa kweli na Mungu aliniona. Lakini nikikumbuka sasa, nilikuwa nikimaliza kutamka sisikilizi kitu kingine chochote ila ule mguu. Ukiwa haujatikisika nafunga kitabu kwa hasira, kesho yake natafuta mstari wenye nguvu zaidi.

Katika hali hiyo nikaangukia kwa mhubiri mmoja, simtaji. Aliniambia kinachozuia ni imani yangu haba, akaniuzia chupa ya maji ya kumpaka mgonjwa na kuniambia nipande mbegu, yaani nimtolee fedha. Niliuza magunia mawili ya maharage ya Lushoto kwa bei ya kutupa ili nipate fedha hizo. Maji yalikwisha, mguu ukabaki vilevile. Magunia yale niliyarudisha baada ya miezi kama mitatu ya kujibana. Lile neno, kwamba baba watoto amelala pale kwa sababu ya imani yangu, lilikaa ndani yangu muda mrefu kuliko deni lolote nililowahi kudaiwa. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko nikiona aibu kumtazama machoni.

Padre wetu alikuja mwezi wa saba. Hakuja na mstari. Alikaa kwenye kigoda, akala ndizi nilizomkaribisha, akauliza presha inasomaje siku hizi, akamsaidia mgonjwa kugeuka. Nikamwonyesha daftari langu. Alilipitia polepole, ukurasa kwa ukurasa, bila kunicheka wala kunikaripia. Kisha akasema, "Mama, umechoka kwa kuchagua. Usichague tena. Soma cha leo."

Cha leo alimaanisha utaratibu ambao sisi Waanglikana tunao tangu zamani, nami nilikuwa nausikia kanisani bila kuutilia maanani. Katika Kitabu cha Sala cha Waingereza, ambacho toleo lake la kwanza ni la mwaka 1549, Zaburi zote 150 zimegawanywa kwa siku 30 za mwezi, sehemu ya asubuhi na sehemu ya jioni. Tarehe 1 asubuhi unaanza na "Heri mtu yule." Tarehe 30 jioni unamaliza na "Msifuni." Mwezi ukiwa na siku 31, Zaburi za tarehe 30 zinarudiwa, kisha unaanza upya. Wamisionari wa UMCA, chama cha misheni cha Waanglikana kutoka Uingereza, waliofika Magila, kule karibu na Muheza, miaka ya 1860, walikuja na desturi hiyo ya sala ya asubuhi na ya jioni, na wazee wetu wengi waliishika. Padre alinikatia karatasi, akaandika tarehe upande mmoja na Zaburi upande wa pili, nikaibandika ukutani juu ya mtungi kwa gundi ya ugali.

Mara ya kwanza nilisoma kwa kutii tu. Utaratibu ule haukuulizi umeamkaje. Unaweza kuamka umevunjika ukakutana na Zaburi ya shangwe, au ukaamka mwepesi ukakutana na kilio. Mwanzoni jambo hilo liliniudhi. Nilitaka Neno linifuate mimi nilipo. Sikujua kwamba nilikuwa nimechoka hasa kwa sababu ya kuzunguka na nafsi yangu, nikiitafutia kila siku kitu cha kuipooza.

Halafu ikafika tarehe 17.

Tarehe 17 asubuhi ni Zaburi ya 86, ya 87 na ya 88. Kama hujawahi kukaa na Zaburi ya 88, kaa nayo siku moja. Zaburi nyingi za huzuni zina mahali zinapogeuka. Ya 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" lakini kabla haijaisha mwimbaji anaimba. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, inashuka, inashuka, na mwisho wake ni huu: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Basi. Hakuna "lakini". Nilifunua ukurasa wa pili nikidhani karatasi zimegandana.

Nilikaa pale jikoni, chai inachemka hadi ikakauka, nikalia kilio ambacho sikuwa nimekilia tangu mwezi wa tano. Kwa miezi miwili watu walikuwa wananikataza kusema ukweli. "Usikiri mabaya, mama." "Sema amepona kwa jina la Yesu." Na hapa, katikati ya kitabu kilekile nilichokuwa nikitafuta ndani yake mistari ya kushinda, kuna mtu anamwambia Mungu kwamba hakuna nuru, na maneno yake hayakufutwa, wala hakuongezewa mstari wa kumrekebisha. Yaliachwa yawe Maandiko Matakatifu. Yakapewa tarehe. Nikaelewa kwamba hata siku ambayo sina tumaini la kumletea Mungu, ninayo sala, na imeshaandikwa, na kuna watu wengine mahali pengine asubuhi ileile wanaisoma pamoja nami.

Tangu siku ile sijawahi tena kuamini kwamba kukosa nguvu ni kukosa imani. Kama kuna neno moja natamani limfikie mama aliyekaa leo kwenye benchi la wodi, ni hilo.

Miezi mingine tarehe 17 imenikuta na furaha. Binti yetu alipoolewa, sherehe iliangukia siku hiyo. Nyumba imejaa, sufuria za pilau ziko mekoni tangu usiku, na mimi nimejificha chumbani na Zaburi ya 88. Sikuwa na giza lolote siku hiyo. Nikaisoma kwa ajili ya jirani yangu aliyefiwa na mtoto wiki mbili nyuma. Nikampelekea pilau na machozi yangu yakiwa bado hayajakauka, naye akajua sikumpelekea chakula tu.

Sasa niseme kuhusu Yeremia, maana niliapa nitaliandika. Mstari wa 29:11 unaujua hata kama husomi Biblia. Uko kwenye vitenge, kwenye vioo vya daladala, kwenye kadi za mahafali: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ulikuwa wa kwanza kwenye daftari langu, nimeupigia mistari miwili chini. Siku moja, nimeshazoea kusoma mfululizo badala ya kudonoa, nikausoma na majirani zake. Mstari wa 10, unaoutangulia, unasema Babeli itapewa miaka 70 kwanza. Sabini! Sura ile ni barua; waliandikiwa watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu kwenda Babeli, nao walikuwa na manabii wanaowaambia mtarudi karibuni, fungeni mizigo. Yeremia anawaandikia kinyume: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Wengi wa waliosikia barua ile ikisomwa hawakuiona Yerusalemu tena.

Mwanzoni nilihisi nimeibiwa mstari wangu. Mume wangu alikuwa na miaka 61. Miaka 70 ya nini?

Sasa, nyuma ya mlango wetu palikuwa na begi. Ni lile tuliloenda nalo hospitali: shuka mbili, kikombe cha plastiki, kanga, sabuni, kadi yake. Tangu tuliporuhusiwa sikuwahi kulifungua. Nilikuwa naishi kama mtu aliye stendi. Sikupanda hata mchicha uani, sikulipa mafundi watengeneze mlango wa choo, sikununua kitanda cha chini ambacho kingemfaa, kwa sababu moyoni nilikuwa nasema haya ni ya muda, mwezi ujao atatembea. Jioni ile nililishusha begi. Kanga ilikuwa imeota ukungu kwenye mikunjo. Niliifua, nikaianika, nikaenda kwa fundi seremala kumwomba anitengenezee ubao wa kushikia, upigiliwe ukutani kutoka kitandani hadi choo. Wiki iliyofuata nikapanda mchicha na mbaazi. Mume wangu alijifunza kutembea hatua 14 kwa kushika ubao ule kwa mkono wa kushoto. Hazijaongezeka sana. Lakini kila asubuhi anakwenda msalani mwenyewe, mlango anaufunga mwenyewe, na kwa mwanamume wa umri wake heshima hiyo ni kubwa mno.

Mawazo ya amani, Mungu aliwaambia wale mateka. Naamini alikuwa nayo. Na bustani ilikuwa sehemu ya amani hiyo.

Nirudi sokoni kidogo, maana huko ndiko nilikofundishwa habari ya neema kuliko hata kanisani.

Siku hizi tunatumia mizani, lakini mimi nimekulia kwenye pishi. Vibaba vinne ndiyo pishi. Ninayo bado ile ya mama yangu, ya mbao, mdomo wake umelika kwa kufutwafutwa na viganja. Kitabu cha Kutoka sura ya 16, katika Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952, Waisraeli waliambiwa waokote mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani, "pishi" kwa kila kichwa. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikaenda kuishika ile ya mama. Sikuwahi kufikiri kwamba Mungu aliwahi kupima kwa kipimo ninachokijua kwa uzito wake mkononi. Na ona walivyopimiwa: aliyekusanya kingi hakubakiwa na kitu, aliyekusanya kichache hakupungukiwa. Walioficha ya kesho waliamka imeingia mabuu inanuka.

Mfanyabiashara wa nafaka anaielewa habari hiyo kwenye ngozi. Nimewahi kuweka akiba ya maharage nikisubiri bei ipande, nikafungua gunia nikakuta yamebunguliwa, unga mtupu na wadudu. Nami nilikuwa nafanya hivyohivyo na neema. Usiku nalala nikitaka nipewe kabisa nguvu za miaka kumi: nikiugua mimi je? Ada ya mdogo je? Akianguka tena je? Nalia juu ya mizigo ya siku ambazo hazijafika, na kwa siku hizo sijapewa pishi yoyote, maana si zamu yake. Nikaanza kuomba Sala ya Bwana nikilitamka neno moja kwa uzito, "Utupe leo riziki yetu." Riziki ni neno letu la sokoni. Hakuna muuzaji anayefungua meza asubuhi akiwa na riziki ya mwaka. Tunasema "riziki ya leo imepatikana," tunafunga meza, tunakwenda nyumbani.

Na neno lenyewe "neema": sisi tunalitumia hata kabla hatujafika kanisani. Mvua ikinyesha kwa wakati, maharage yakashuka kwa wingi kutoka milimani kupitia Soni na Mombo, tunasema mwaka huu ni wa neema. Hakuna mkulima anayedai kuwa mvua ile ni ujira wake. Amelima, ndiyo, ametoka jasho, lakini mvua hakuilima. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwenye mahubiri tangu utotoni, "mmeokolewa kwa neema," likinipita kama jina la mtu. Lilikuja kunikaa siku ambayo sikuwa nimefanya chochote cha kiroho. Sikuwa nimesali, nilikuwa nimemfokea mgonjwa kwa sababu ya shuka, nimefoka hadi jirani amesikia. Nikakaa nje na kibatari, umeme umekatika, najiona mtu mbaya. Mafuta yakawa yanaisha. Unajua kibatari kikiishiwa: mwali unapungua, utambi unabaki na ncha nyekundu, moshi mweusi unakuingia puani na kukuachia masizi. Mkono unakwenda wenyewe kukipuliza kizimike kabisa, maana kinakera. Nilikuwa nimeshainama kukipuliza nikakumbuka Isaya 42: "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima."

Sikukipuliza. Niliingia ndani nikaleta chupa ya mafuta ya taa, nikatia, nikautazama ule utambi ukinywa. Ilichukua kama dakika moja. Kisha nikaenda kumwomba mume wangu radhi. Hakuweza kusema amenisamehe. Aliushika mkono wangu kwa ule wa kushoto, akaupigapiga taratibu kama anavyowapapasa wajukuu.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Tarehe 28 jioni ni Zaburi ya 136 hadi ya 138. Ya 136 ina mistari 26, na kila mstari nusu yake ya pili ni ileile: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Mara 26. Nikisoma peke yangu, kimoyomoyo, nilikuwa naruka. Nasoma nusu za kwanza tu ili nimalize nikapike. Mwezi wa tisa mwaka ule, jioni ya tarehe 28, alikuja bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama, mtu mzima sana, anatembea kwa mkongojo. Alinikuta nimefunua kitabu. Akatazama, akaniambia, "Hii haisomwi na mtu mmoja, mwanangu. Hii inaitikiwa. Soma wewe, mimi niitikie."

Tukakaa pembeni ya kitanda. Nikasoma, "Mshukuruni BWANA kwa kuwa ni mwema," bibi akaitikia kwa sauti yake iliyokwaruzika. Tukaenda hivyo. Mbingu, nchi, maji, mianga. Nilipofika kwenye jua kutawala mchana, niliposoma nusu yangu na bibi akaanza yake, nikasikia mwishoni sauti ya tatu: "...za milele."

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka itakatika. Nikasoma ule wa mwezi na nyota. "...zake ni za milele." Bibi akanyamaza, akaniachia. Tukavuka Misri, tukavuka Bahari ya Shamu, nikafika kwa Sihoni mfalme wa Waamori na Ogu mfalme wa Bashani, majina ambayo maishani mwangu sikuwahi kuyaona na faida, na mume wangu, ambaye kwa miezi minne hakuwa ametoa neno, akaitikia juu ya Ogu mfalme wa Bashani kwa ukamilifu, kila silabi mahali pake: "Kwa maana fadhili zake ni za milele."

Tulipomaliza nikamshika uso. "Baba, unanisikia? Niite jina langu." Akafungua mdomo. Ikatoka ile sauti isiyo neno. "Unataka maji? Sema maji." Hakuna kitu. Nikarudia tena na tena hadi bibi akanishika bega akasema, "Mwache mwanangu, amechoka."

Nitasema ukweli: usiku ule nilichanganya shukrani na uchungu mkali. Anaweza kusema fadhili za Mungu ni za milele, jina langu hawezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja nilimsimulia, akasema si jambo geni. Nyimbo, sala, kuhesabu, vitu vilivyoshikwa tangu utoto kwa kurudiwarudiwa, mara nyingine hubaki hata pale maneno ya kujitungia yanapopotea. Mume wangu alilelewa na bibi yake aliyekuwa akimpeleka kanisani kila jioni. Aliitikia Zaburi kabla hajajua kusoma. Hiyo ndiyo sababu, na inanitosha, na haijapunguza kitu. Bibi yule wa kule kijijini, aliyekufa miaka mingi iliyopita, aliweka neno ndani ya mtoto mchovu anayesinzia kwenye benchi, asijue ni la siku gani. Hakuna aliyeliona likifanya kazi kwa miaka 50 na kitu. Na hilo neno, fadhili, tunajua maana yake: ni wema ambao hukumkopesha mtu hata aje akulipe. Hakulitafuta kichwani. Hakuwa na uwezo wa kulitafuta. Lilikuwepo.

Kuanzia hapo tulibadilisha namna ya kusoma. Mimi nasoma, yeye anaitikia panapoitikika. Baba Yetu anakwenda nasi yote. "Utukufu kwa Baba" anamaliza mwenyewe. Mengine hayakurudi. Hadi leo akitaka maji anaonyesha kwa kidole, na jina langu sijalisikia kinywani mwake tangu alfajiri ile. Kuna siku ninalitamani hadi kifua kinauma. Tarehe 5 jioni huwa tunasoma ya 27, nayo inaisha, "Umngoje BWANA, uwe hodari, upige moyo konde, naam, umngoje BWANA." Napiga moyo konde. Kesho yake naanza tena.

Anakaa barazani sasa. Namwekea ungo wa maharage anayachambua kwa mkono wa kushoto, mawe upande huu, mabovu upande ule, na jicho lake la ufundi halijamtoka, hapitwi na hata moja. Jioni anayesoma siku hizi ni mjukuu wetu wa miaka tisa, macho yangu yamepungua. Siku moja alisoma kwa simu, Biblia Habari Njema, nayo inasema fadhili zake "zadumu milele". Babu yake alikaa kimya Zaburi nzima, uso umemwiva kama mtu aliyepotezwa njia. Tukarudia na kitabu chetu kikuukuu, akaitikia.

Mwezi uliopita, tarehe 28, mtoto alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Alipofika mwishoni akaruka mstari mmoja, kutoka wa 22 akaangukia wa 24, "Akatuokoa na watesi wetu." Mume wangu hakuitikia. Akaanza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, ko, ko, ko. Mtoto akasema, "Babu, nimekosea nini?" Akaendelea kupiga. Nikamwambia, "Rudi juu, mwanangu, tazama umeruka wapi." Akarudi na kidole kwenye ukurasa, akaukuta, akausoma polepole.

"Aliyetukumbuka katika unyonge wetu."

Kiganja kikatulia juu ya kiti.

"Kwa maana fadhili zake," akasema mume wangu, "ni za milele."